Ndengu Zilizofunikwa kwa Simu

Ninaweza kuandika haya sasa kwa sababu nimetulia. Wiki jana singeweza.

Mimi ni karani wa ghala la ndengu la wakulima hapa Zombe. Wenzangu wanne hawakuwa wakifuata orodha ya kazi za kufanywa mvua inapokaribia, kwa hivyo nikaunda mpango kwenye simu. Utabiri ukionyesha mvua, kila mmoja anapata ujumbe: funika ndengu zilizoanikwa uani, funga madirisha, safisha mifereji ya tangi. Na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kujibu "tayari", niliufanya mpango ujijibu wenyewe baada ya saa moja, kisha umtumie meneja ripoti. Meneja wetu, Madam Mwikali, alinisifu mbele ya wote.

Alhamisi asubuhi ujumbe ukaingia: mvua saa nane. Sasa niambie, ni Mkamba gani, kwenye ukame wetu huu, anasikia mvua inakuja halafu anaenda kufunika ndengu za ghala? Wanne wote walikimbilia mashamba yao kupanda. Sikuwaona wakiondoka, maana nilikuwa nimewatangulia.

Saa tisa, nikiwa nimelowa nyuma ya plau, simu ikalia.

"Musyoka, ripoti yako inasema ndengu zimefunikwa."

"Ndiyo, madam. Zote."

"Mimi nimesimama hapa uani. Zinaelea. Wewe uko wapi?"

"Niko ndani ya ghala, madam, nyuma ya magunia."

Hapo ndipo ng'ombe wangu, aliyechoka kusimamishwa kwenye mvua, alipolia kwa sauti yake yote.

Madam alimngoja amalize.

"Na huyo," akauliza, "tulimwandika kazi lini?"