Kufuli la Fundi Tweve

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mwisho wa Juni pale Makambako, nilipovunja kufuli la mpangaji wangu kwa nyundo ya kuazima, tena nikicheka. Upepo ulikuwa ule wa kwetu, unaopita kwenye koti kana kwamba hukuvaa kitu. Nakusimulia habari hii kwa sababu umeanza kufyatua tofali kule Kitandililo, unataka vyumba sita vya kupangisha, na juzi ulipopita hapa ulisema kwamba mpangaji atakayechelewesha kodi wewe "utamwonyesha." Mimi nilishamwonyesha mtu.

Ujana wangu ulikuwa wa miguu. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alichoka kuulizwa maswali, nami nilichoka kukaa. Kila nililosikia nilitaka kulifuata. Nilikwenda mpaka Liganga, sehemu kubwa kwa miguu, kwa kuwa tu mtu mmoja aliniambia kuna mawe yenye chuma hata ukifika na dira inachanganyikiwa. Sikuwa na dira. Nilikwenda kuyashika mawe, nikarudi. Nimepanga vyumba Iringa, Mbeya, Tunduma na Songea, na kote huko sikuondoka hata mara moja kwa kuaga. Nilijua kuacha shati bovu kwenye kamba na viatu vilivyotoboka mlangoni, baba mwenye nyumba aamini nimo ndani, kumbe niko juu ya lori la mahindi natafuna muwa. Kule Songea nilimzika bibi yangu mara mbili kwa mwenye nyumba mmoja, na bibi mwenyewe alikuwa Njombe anapalilia viazi. Usicheke sana. Kicheko hicho ndicho kilichonipeleka pabaya.

Kisha biashara zikafunguliwa. Vitu tulivyokuwa tukivipangia foleni vikajaa madukani, na mitumba ikaanza kushuka kwa marobota. Nikaingia humo, na safari hii miguu yangu ikanilipa. Kabla sijafikisha miaka thelathini na mitano nilikuwa na nyumba ya vyumba vitano kando ya barabara ya Songea, ya tofali za kuchoma na bati. Kimoja nikaweka marobota yangu, vinne nikapangisha. Watu wazima kuliko mimi wakawa wananiita baba mwenye nyumba, na nilipenda kuitwa hivyo.

Chumba cha mbele alikaa Fundi Tweve, Mkinga wa upande wa Bulongwa kule Makete, mtu wa makamo asiyepandisha sauti. Kazi yake kushona. Asubuhi aliitoa cherehani barazani, jioni akairudisha ndani na kuifunika kitambaa cheupe. Miaka miwili ya mwanzo alilipa kodi kabla sijaitaja. Mwaka wa tatu ndipo alipoanza kuchelewa, na mimi, mtu wa maswali, sikuuliza kwa nini.

Angenijibu. Kwa kweli alikwisha kunijibu bila kuulizwa. Siku moja nilikuwa nafungua robota uani, watu wamejazana wanachagua makoti, naye amekaa kwenye cherehani yake hana hata suruali ya kupunguza. Akaniita kwa utani:

"Baba mwenye nyumba, hao marehemu wako wa Ulaya wananimaliza mimi niliye hai!"

"Na wewe shona sanda basi," nikamjibu.

Watu wakacheka, naye akacheka. Wakati ule mitumba tuliita kafaulaya, nguo za aliyekufa Ulaya, kwa hiyo utani ulikuwa mzuri. Haikunipitia kichwani kwamba mzigo niliokuwa naufungua ndio uliokuwa ukimnyima kodi ambayo baadaye ningemdai. Nyani haoni kundule, mwanangu, hata akiwa amelikalia.

Basi niliporudi kutoka safari ya mzigo, miezi mitatu ilikuwa haijalipwa, na mlango wa Tweve una kufuli. Mama Selina, mpangaji wa chumba cha pili aliyekuwa akiuza chai na maandazi pale barazani, ndiye aliyenipa habari.

"Wiki ya tatu sasa," alisema. "Kaenda Bulongwa, mkewe amelazwa hospitali. Alikusubiri akuage, akachoka. Upepo wa Makambako wenyewe hupumzika, lakini wewe!"

"Mkewe amelazwa," nikasema, nikaanza kucheka. "Mama Selina, mimi nilipokuwa nadaiwa nilikuwa na wagonjwa wa kujaza wodi."

"Huyo ni wewe. Tweve si wewe."

"Shati lake lile pale kwenye kamba, unaliona? Hilo nalijua. Hilo shati mimi nimelianika Mbeya, nimelianika Tunduma."

"Shati nimelifua mimi," akasema. "Aliniomba."

Sikumsikia. Nilikwenda kuazima nyundo.

Mlango ulipofunguka niliona cherehani. Ilikuwa mahali pake, imefunikwa kile kitambaa cheupe, imetiwa mafuta. Pembeni kulikuwa na vipande vya suruali ya mtu, vimekatwa, vimepindwa, vimefungwa pamoja kwa uzi. Nilisimama pale kizingitini muda. Mimi niliyetoroka nyumba nyingi nilijua vizuri kuliko mtu yeyote Makambako kwamba anayekimbia huanza kubeba kinachomlisha. Kama Tweve angekuwa ametoroka, cherehani ingekuwa ya kwanza kuondoka. Nililijua hilo, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikujua. Nilijua, kisha nikasema kwa sauti, ili Mama Selina asikie, "Ameiacha iwe kodi."

Sikumwita mjumbe wa nyumba kumi. Sikutuma hata neno, na mabasi ya Makete yalikuwa yakipita. Siku ya pili nikaiuza cherehani kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anaelekea Songea, kwa bei ya kutupa, maana nilikuwa na haraka ya kuongeza mtaji wa robota jingine. Chumba nikampa utingo wa lori aliyelipa miezi minne kwa mkupuo. Godoro na vyombo vya Tweve nikavirundika stoo nyuma ya marobota yangu. Nilijiona nimekomaa. Nilijiambia, sasa umekuwa mwenye nyumba kweli.

Walirudi baada ya siku tisa, alasiri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na magari yanawasha taa mchana. Nilikuwa barazani nakunywa chai kwa Mama Selina nilipomwona Tweve anakuja kutoka stendi, majora mawili ya kitambaa begani, moja la kaki, moja la bluu. Nyuma yake mwanamke anatembea polepole, amejifunga blanketi mbili, mkono mmoja ameushika ubavuni. Huyo ndiye Yudita, mkewe. Siku hiyo ndipo nilipojua anaitwa hivyo.

"Kamwene," Tweve alisalimia, kwa Kibena cha kujifunza, anacheka hata kabla hajafika. "Baba mwenye nyumba, leo nimekukuta! Nina deni lako, nalijua, lakini Mungu amesaidia. Shule moja kule nyumbani wamenipa sare za watoto. Kitambaa chao hiki hapa. Nikimaliza, nakulipa yote na ya mbele. Ngoja kwanza nimlaze mama, amefanyiwa upasuaji, basi limemtikisa sana."

Akautua mzigo, akatoa ufunguo mfukoni. Akaufikia mlango. Palikuwa na kufuli jingine.

Hakugeuka upesi. Alikaa ameushika ule ufunguo, analitazama kufuli, kisha dirisha, ambamo kulikuwa na pazia la utingo.

"Cherehani iko wapi?" aliuliza.

Nilisema maneno mengi. Nilisema habari za miezi mitatu, nilisema mtu haachi nyumba bila kuaga, nilisema na mimi nina madeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesubiri mvua ipungue, kisha akauliza tena kwa sauti ileile:

"Iko wapi?"

"Nimeiuza."

Yudita alikuwa amekaa juu ya majora. Alisema neno moja kwa Kikinga ambalo sikulielewa, na sijawahi kumwuliza mtu maana yake, mimi ninayeuliza kila kitu. Mama Selina alijifunika uso kwa khanga.

Jirani yetu alikuwa Mzee Salumu, msafirishaji mwenye malori mawili, mtu wa Tabora aliyehamia Makambako tangu zamani. Naye alikuwa na vyumba vya kupangisha. Sijui nani alimwita. Nilimwona tu amefika na kofia yake, na mkewe nyuma. Mkewe alimwinua Yudita bila kuuliza kitu, wakaenda zao kwake. Mzee Salumu akabaki. Nilidhani atanitukana mbele ya watu. Alikaa kwenye benchi la chai, akaniita nikae.

"Wewe kijana, uliwahi kutoroka nyumba za watu, sivyo? Umetuhadithia wote hapa, tukacheka."

"Ndiyo, mzee."

"Kesi ilikuwa yako, na hukumu umempa huyu. Mimi nina wapangaji wanane. Wawili ni waongo. Ningewafanyia wote kama waongo, leo ningekuwa na waongo wanane. Bei ya cherehani unayo?"

"Nyingine nimeshaagizia mzigo."

"Nitaijazia. Utanilipa. Mpe sasa hivi, yote."

Nikampa Tweve, mbele ya mzee. Aliipokea kwa sababu mkewe alihitaji dawa. Lakini bei ile niliyouzia kwa haraka haikutosha kununua hata cherehani kilema. Kesho yake nilipanda gari, nikaenda kuitafuta ile yenyewe. Songea nilimkuta yule mfanyabiashara. Alikwisha kuiuza kwa mtu wa Mbamba Bay. Nikaenda Mbamba Bay, nikaulizia nyumba kwa nyumba siku nne, nikarudi mikono mitupu. Katika safari zote za maisha yangu, hiyo ndiyo pekee niliyokwenda kwa ajili ya mtu mwingine.

Niliporudi, Tweve alikuwa amekwisha kuyarudisha majora shuleni kwa mkono wake, maana muhula ulikuwa unaanza na watoto wasingemsubiri. Kazi akapewa mwingine. Wakakaa kwa Mzee Salumu mpaka Yudita akaweza kupanda basi, wakarudi Bulongwa. Sikwenda kuwaaga. Mtu niliyemlaumu kwa kutoaga!

Yudita alifariki kabla ya mvua za kwanza. Sisemi ni kwa ajili ya cherehani. Ugonjwa wake aliujua daktari, na daktari hakunijua mimi. Lakini wiki zile alizotakiwa kulala kwenye kitanda chake, alilala kwa watu, anamsikia mumewe akigeuka usiku kwa mawazo. Hilo mimi nalijua, na wewe sasa unalijua.

Halafu yakaja yale ambayo sikuyategemea. Mwaka uliofuata, wakati wa viazi, kondakta wa basi la Makete alinishikisha bahasha. Ndani kulikuwa na kodi ya mwezi mmoja. Baada ya mavuno mengine ikaja ya pili. Nilimpa kondakta airudishe. Ikarudi tena kwangu, na ujumbe kwamba alikaa kwenye chumba, na aliyekaa hulipa. Ilipokuja ya tatu, kondakta alisema, "Fundi anasema mwambie baba mwenye nyumba tumemalizana."

Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Yeye aliinywa dawa yake mpaka tone la mwisho. Na kwa kulipa hivyo alikata kamba pekee iliyokuwa imebaki kati yetu. Nilipata ujasiri wa kwenda Bulongwa baada ya miaka mingi sana, nikaonyeshwa makaburi mawili, yamekaa jirani kwenye mteremko wa ngano. Nilisimama pale na maneno yangu yote mdomoni.

Basi sikiliza, mwanangu, kabla hujapaka rangi vyumba vyako. Kodi ni haki yako. Usione haya kuidai, wala usiiache irundikane kwa uvivu ukaja kulipuka kwa hasira. Lakini mpangaji akichelewa, nenda mchana, kaa, uliza. Kuuliza si ujinga. Muulize kazi yake inaendaje, nani anaumwa, lini anatarajia, kisha mwandikiane mbele ya kiongozi wa mtaa, muda ujulikane. Muda ukiisha na huoni nia, mwambie atafute pengine, umpe siku za kutafuta, muachane kwa mdomo na kwa mchana. Yupo atakayekudanganya, nilikuwa mimi huyo, na nakwambia hasara ya mwongo mmoja hulipika. Na usiguse kamwe kitu ambacho mtu anakitumia kupata riziki, hata kama sheria ingekupa ruhusa. Ukikichukua, umeuza kodi yote ambayo angekulipa maishani. Kuliko vyote, usimpime mpangaji wako kwa dhambi zako.

Mungu akupe nyumba isiyovuja na moyo usiovunja milango. Wapangaji wako wakiondoka, waondoke wamekuaga. Na siku utakapohitaji kumwomba mtu radhi, umkute mtu huyo yu hai, amekaa nje kwenye jua, ana nafasi ya kukusikiliza.