Waya Uliofungwa kwenye Osuri

Baba aliufunga waya wa redio kwenye osuri, na kwa miaka mitatu watu walimcheka.

Osuri ni mti mwembamba unaochomoza katika kilele cha paa la nyasi, juu ya nyumba ya mwenye boma. Husimama pale kusema kwamba mwanamume wa boma hili yu hai. Kwetu, kati ya Homa Bay na Sindo, mgeni huutazama kwanza kabla ya kubisha hodi. Lakini baba alikuwa amevuta nyaya za simu za jeshi kule Burma, na macho yake yalirudi kutoka vitani na tabia yao yenyewe. Alipoutazama osuri aliona mlingoti ambao babu zake walikwisha kumsimikia, na hakuna aliyekuwa akiutumia.

"Umeifunga nyumba kama mbuzi," baba mdogo alimwambia siku ile waya ulipopandishwa.

"Mbuzi wako anajua habari za Kisumu?"

"Mbuzi wangu hajui, ila halali na kamba kichwani."

Waya ulitoka kwenye osuri ukavuka uwanja hadi kwenye mkaratusi wa langoni. Kila ncha baba aliifunga kwenye shingo ya chupa iliyovunjika, ili sauti isivujie kwenye mti. Waya mwingine mfupi ulishuka kutoka kwenye osuri, ukapita dirishani, ukaingia redioni. Nyuma ya nyumba alizika fimbo ya shaba, na wakati wa kiangazi alinituma kuimwagia maji. "Redio nayo inataka kukanyaga udongo mbichi," alisema. Mimi nilikuwa binti yake wa mwisho na, kwa kuwa kaka zangu walikuwa mbali kazini, mimi ndiye niliyefundishwa. Nilijua kukwangua waya kwa kisu hadi ung'ae kabla ya kuuunga. "Waya wenye kutu ni mdomo uliojaa chakula, nyara," aliniambia. Kwetu, nyara ni kusema "binti yangu". Hakuniita jina lingine.

Kilichowaleta watu kwetu kila jioni hakikuwa muziki. Yalikuwa matangazo ya vifo, yaliyosomwa kwa Dholuo kabla giza halijaingia. Mtangazaji alimtaja marehemu, baba yake, kijiji chake, kazi aliyoifanya duniani, wake na watoto aliowaacha, na siku ya mazishi. Majirani walikaa sakafuni wakisikiliza kama watu wanaosubiri kuitwa. Mjane mmoja mzee, jirani yetu wa upande wa ziwani, hakukosa hata siku moja.

"Leo ametangulia nani?" aliuliza akiingia. "Mkisikia ni mimi mniambie mapema, nirudi nikajilaze."

Sauti ikififia, baba aliutikisa waya, akalowesha udongo, akaigeuza redio kidogo kidogo kama mtu anayemgeuza mgonjwa, mpaka jina la marehemu likatoka zima. Hakuvumilia jina lipotee njiani. Mtu husomwa mara moja tu, alisema.

Kisha kifua chake kikaanza kumwangusha. Katika wiki ya mwisho alinishika mkono, vidole vyake vikavu kama magamba ya samaki.

"Siku nitakaposomwa," alisema, "mama yako asije akahadithiwa. Asikie mwenyewe. Aketi pale pale anapoketi, asikie maneno yote."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Alikufa siku ya Jumanne, alfajiri. Baba mdogo alipanda basi kwenda Homa Bay kupeleka tangazo kwa simu ya maandishi, akarudi na habari kwamba lingesomwa kesho yake jioni. Nikamwambia mama. Alikuwa ameketi karibu na kichwa cha baba, mahali asipopaswa kutoka. Akaitikia kwa macho tu.

Jumatano asubuhi wazee wa ukoo walileta ngazi. Nilikuwa uwanjani nikichota maji ya wageni. Nilimwona mzee akipanda na panga, nikajua mara moja anakwenda kufanya nini, maana tangu utotoni nimeona osuri zikishushwa katika maboma ya wengine. Mwenye nyumba amekufa, mti wake haubaki juu. Nikaona pia waya, na zile shingo za chupa ziking'aa kwenye jua. Na bado sikusema neno. Ningesema nini? Binti amsimamishe mzee wa ukoo katika siku kama ile, kwa ajili ya kipande cha waya? Nilijiambia hatimaye atauona, ataufungua taratibu. Akaukata. Mapigo mawili ya panga, osuri ukaviringika kwenye nyasi za paa, na waya ukaanguka nyuma yake vipande vipande.

Baba aliyefikiria kila kitu, kutu na kiangazi na upepo wa ziwa, hakufikiria kwamba mti aliouchagua ndio mti pekee katika boma uliokuwa lazima uanguke siku atakayosomwa. Wala mimi. Miaka mitatu nilikaa chini ya waya ule.

Jioni ilipokaribia niliwasha redio. Ikatoa mchakacho wa mvua kwenye mabati, basi. Niligusa kwa kidole tundu la waya; ikatoa mlio mdogo, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Nilimwaga ndoo nzima ya maji kwenye fimbo ya shaba. Mvua ile ile. Nikaokota vipande vya waya, nikavikwangua, nikaviunga, lakini waya haukufika tena langoni. Ulifika kwenye ghala la mtama tu. Nikapanda juu ya ghala, nguo ya msiba ikiwa imefungwa kiunoni, nikashika ile shingo ya chupa na kuinua mkono.

"Shuka huko!" baba mdogo alifoka. "Watu watasema umeshikwa na wazimu."

"Waseme."

Ndani, yule mjane aliinamia redio karibu na miguu ya mama. Alinipigia kelele kupitia dirishani. "Juu! Juu zaidi! Sauti imekuja... imepotea. Usiiname, wewe mtoto!"

Nilijifunza jambo hapo ghalani. Kila nilipoinama ili nisikie, sauti ilikatika. Niliponyooka ilirudi, lakini kule juu mimi sikuisikia. Basi nikanyooka. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikitazama mahali palipokuwa na osuri, ambapo sasa palikuwa na shimo dogo kwenye nyasi.

Ghafla kilio kikapasuka ndani ya nyumba. Mjane alianza, wanawake wote wakamfuata, kisha uwanja mzima, wanaume nao wakipiga mayowe na kukimbia kuelekea langoni kama inavyotakiwa. Nikajua jina la baba limetoka. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilisimama juu ya ghala nikilia na kufurahi, na sikuushusha mkono mpaka kilio kilipopungua na redio ilikuwa imekwisha kuanza kuimba.

Ni mjane aliyenieleza, siku chache baada ya mazishi, akikwepa macho yangu.

"Jina lilitoka zuri," alisema. "Zima. Nami nikalia, ningefanyaje? Lakini mama yako hakulia. Aliinua mkono, hivi." Akaonyesha kiganja. "Alikuwa anatuomba tunyamaze. Nilidhani ni uchungu. Tukazidi kulia."

Jina lilisikika. Maneno mengine yote yalizama katika kilio chetu, mama akiwa ameketi hatua moja kutoka redioni, mkono juu.

Mama hakuniuliza mpaka wageni wote walipoondoka. Tulikuwa tukipepeta mtama.

"Walisemaje, nyara? Wewe ulikuwa karibu na waya."

Ningeweza kumwambia kwamba aliyeshika waya hasikii chochote. Badala yake niliweka ungo chini, nikaketi wima, nikaanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji, polepole. Nikamtaja baba, baba yake, kijiji chake, mkewe, sisi watoto mmoja mmoja. Nikaeleza namna alivyovuta nyaya.

"Burma walitaja?"

Baba mdogo hakuiandika Burma. Niliiona karatasi yake ya tangazo.

"Walitaja, mama."

Akatikisa kichwa kukubali, akapepeta kidogo, makapi yakaruka hadi kwenye kipande cha waya kilichobaki ukutani. Ningeweza kuuongeza urefu na kuufunga upya kwenye mkaratusi kwa saa moja tu. Sikuufunga, na hakuna aliyeniomba. Majirani walianza kwenda kusikiliza kwa mwalimu wa shule, aliyekuwa na redio yake.

"Na mwisho," mama akauliza, "walisemaje mwisho?"

Sikuwa nimeutunga mwisho. Mama akangoja, mikono ikiwa imetulia juu ya ungo, kama walivyokuwa wakingoja wote sauti ilipofifia na baba yuko nje anatikisa waya.