Kemshafti ya Lami

Niliondoka Njombe alfajiri yenye ukungu, nikiwa na begi moja, blanketi, na gari dogo la Kijapani nililouziwa na mwalimu aliyekuwa anastaafu. Nilikaa njiani siku tatu. Iringa nililala kwenye kiti, Dodoma nikalala gesti, na kwenye kupanda kuelekea Manyoni lori la vitunguu likanipita, utingo akinipungia mkono kwa huruma. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Shinyanga nilipanga chumba Ngokolo, nikawa nabeba abiria wa kukodi. Halafu mtu akaniambia Geita kuna wachimbaji wengi na magari machache. Nikafunga begi tena.

Kalangalala, mtaa wa Geita, ndiko nilikokutana na mama mmoja muuza chakula, mjane wa umri kama wangu. Alikuwa anatafuta gari la kumpandisha machimboni kila siku. Tulipakia masufuria manne, mawili kwenye buti na mawili kiti cha nyuma, vifuniko vimefungwa kwa vitambaa. Njia ilikuwa ya mchanga kwanza, kisha mawe, kisha kilima kirefu ambacho gari lilikipanda taratibu kwa gia namba moja, likilalamika lakini halisimami. Saa sita wachimbaji hutoka shimoni weupe kwa vumbi, na chakula kilichotangulia ndicho kinacholiwa. Walikuwepo mama wengine wawili waliopika kama yeye. Aliyechelewa alirudi na masufuria yake.

Ile nusu saa ya njiani naikumbuka kuliko chochote nilichofanya kule. Mvuke wa maharage ulijaza vioo, na joto la masufuria lilinipata shingoni. Alinifundisha Kisukuma. Kila asubuhi nilimwamkia, "Mhola?" Naye anajibu, "Mhola duhu," halafu anacheka, akisema naongea kama mtu aliyeungua ulimi kwa kiazi.

Mwaka ulipopita na zaidi, siku moja tukirudi na masufuria matupu, alisema huku akitazama dirishani, "Kile chumba changu cha uani kina mlango wa barabarani. Gari linaweza kulala pale."

Nilijua hakuwa anazungumzia gari. Nikamwambia nitafikiri. Akasema sawa, baba, fikiri.

Kipindi hichohicho injini ilianza kugonga juu. Fundi wangu, kijana mcheshi aliyechunga ng'ombe mpaka akaota ndevu, alifungua kifuniko, akanionyesha kemshafti, ule mtaimbo unaozunguka na kusukuma valvu zifunguke. Nundu zake zilikuwa zimelika. Akaniletea mbili nyingine, akazilaza juu ya gunia. Moja ilikuwa na nundu za wastani. Ya pili ilitoka kwenye gari la mashindano lililokufa, nundu zake ndefu na nene. Alinieleza akizipapasa kama anayechagua dume mnadani. Nundu nene huacha valvu wazi muda mrefu, alisema, injini inavuta hewa nyingi, na ukishakimbia hakuna wa kukushika. Lakini ukienda polepole na mzigo, pumzi inakatika.

"Sasa, kaka, kabla sijafunga," akasema, "gari lako linabeba nini, na linapita wapi?"

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye ile ya mashindano. Ilikuwa baridi na laini kama kioo. Nikaona barabara imenyooka mbele yangu.

"Nabeba mwili wangu tu," nikamjibu. "Lami. Kahama na kurudi."

Tangu nifike Geita nilikuwa nimekwenda Kahama mara mbili tu.

Akafunga ile ya mashindano. Likiwa limesimama, gari lilitikisika na kukohoa kwa namna iliyofanya watu wageuke, nami nikafurahi kama mtoto. Kesho yake tulipofika kilimani pumzi ikakatika. Nikapiga resi, nikachezea klachi, likazima. Tukashuka, tukasukuma, mchuzi ukamwagikia kiti. Tulifika wachimbaji wananawa mikono baada ya kula. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, na mmoja wao akatania kwamba mama ameleta gari linaloimba badala ya nyama. Wenzake walicheka. Mama alitabasamu, akaanza kupakia.

Tulirudi mpaka tukauacha mchanga. Kisha akauliza, "Fundi alikuuliza nini kabla ya kukifunga hicho chuma?"

"Nabeba nini na napita wapi."

"Ukamjibu nini?"

Nilitaka kudanganya tena. Sikuweza. Nilimwambia neno kwa neno.

Akakunja kitambaa cha kifuniko mara nne juu ya magoti yake. "Kwa hiyo mimi sikuwemo," akasema.

Nilirudi kwa fundi siku hiyohiyo. Ile ya nundu za wastani alikuwa ameshaifunga kwenye gari la mtu wa mkaa. Aliponisikia habari ya masufuria alishika kiuno. "Kaka, mimi nauliza kama daktari. Wewe unanificha kama una kisonono." Akasema ile yangu ya zamani inaweza kupelekwa Mwanza, ikajazwa chuma na kusagwa upya. Wiki mbili tu. Nikaichukua imefungwa gazeti, nikaiweka chini ya kitanda.

Haikwenda Mwanza. Kila asubuhi nilisema kesho, na kila mchana nilijikuta kwenye lami ya Katoro na abiria wa haraka, sindano ya kasi ikipanda, moyo wangu nao. Mama alikodi guta la matairi matatu. Lilikuwa la polepole, lakini halikukosa saa sita hata siku moja.

Siku niliyoondoka Geita nilipita kwake kuaga. Mwenye guta alikuwa amekwenda kujaza upepo, na sufuria kubwa lilikuwa bado chini. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu kibovu. Akaitika, hakucheka. Tukashika sufuria kila mtu upande wake, tukalipandisha.

"Kile chumba nimempangisha mwalimu," akasema. "Nilikusubiri mpaka mwezi ulipoisha."

Nikamwambia amefanya vizuri. Akaniambia niende salama, akaanza kufunga vitambaa.

Niliupita Ushirombo, nikaupita Kahama, nikaliacha nyuma lile eneo la mgodi wa Buzwagi, na injini ilivuta vizuri kuliko siku yoyote tangu niimiliki. Sikuwa na la kuilaumu. Ilifanya kile nilichosema nakitaka.