Kadi ya Susu

Harufu ya ugoro hainipi amani. Juzi nilikuwa Adams Arcade, nikisubiri kuvuka Ngong Road na mifuko miwili ya mboga, mlinzi mmoja mzee akafungua kikopo chake kando yangu, akachota kidogo, akavuta puani, akapiga chafya. Magari yakasimama, watu wakavuka, mimi nikabaki pale pale kama niliyesahau ninakokwenda. Kwani ugoro una nini? Una Susu, basi. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na wangu, mama mzazi wa mama yangu, aliileta harufu ile Kileleshwa nikiwa na miaka tisa, mvua ya masika ilipokuwa imeanza. Aliletwa kutoka Mwingi akiwa na mguu uliovimba hadi ngozi ikang'aa. Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumba, na tuliishi nyuma ya ghorofa za waajiri, katika kile chumba kimoja ambacho Nairobi nzima inakiita esikyuu. Humo tukajipanga watatu, pamoja na dawa ya mguu, sakafu ya simiti isiyokauka unyevu, na kikopo cha ugoro kilicholala chini ya mto.

Asubuhi Mama alipika uji wa wimbi kabla ya kwenda kazini. Susu alipokea kikombe kwa mikono miwili, akajikokota hadi mlangoni, akakiinamisha na kumwaga matone mawili matatu kwenye ua, chini ya kamba za nguo. Akataja majina polepole: baba yake, mama yake, na mtoto wake mmoja aliyekufa mchanga. Baada ya hapo ndipo alipokunywa. Kwake hiyo ilikuwa adabu tu, kama kupiga hodi. Kwa Mama, aliyeokoka kabla sijazaliwa, ilikuwa msiba wa kila siku.

"Mama, huo uji unammwagia nani?" Mama alizoea kuuliza kwa Kikamba.

"Wenyewe."

"Wenyewe walikufa. Aliyekufa akafufuka ni mmoja tu."

"Basi na huyo mmoja anywe. Uji si upo?"

Mama alishika kiuno, akaenda zake kwa mwajiri macho yakiwa mekundu. Mimi nilitaka kucheka, ila sikuthubutu, maana nilijua wawili hawa hawakuwa wakigombana kuhusu uji.

Kanisa letu lilikuwa Hurlingham, ukumbi wa kukodi ghorofa ya tatu juu ya maduka. Lifti haikuwapo, na ngazi zilikuwa nyembamba, zimesimama wima, hata akina mama wenye watoto mgongoni walipumzika mara mbili kabla ya kufika. Jumapili asubuhi Mama alikuwa jikoni kwa mwajiri, wageni hawaishi, hivyo nilikwenda na jirani. Mwalimu wangu wa shule ya Jumapili alikuwa Mwalimu Agneta, mama mnene mpole kutoka Kakamega, mwenye sauti ya kubembeleza hata akikugombeza. Siku moja alitutoa nje ya chumba, akafunga madirisha yote, akatuambia tuingie. Tukaingia kwa kusukumana mlangoni. "Kuna aliyepata njia nyingine?" akauliza. Hapana. "Basi na Mwokozi ni mmoja hivyo hivyo. Hana msaidizi, hana naibu. Si mama yako, si babu yako, si wema wako. Na kila mtu aingie mwenyewe." Nikainua mkono, nikauliza, je, na mtu ambaye mguu wake ni mgonjwa? Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Hata huyo, mtoto wangu. Lazima akiri kwa kinywa chake. Hakuna wa kukiri kwa niaba yake." 

Wiki ile daktari alisema ugonjwa umeingia kwenye mfupa na umepanda, kwa hivyo mgonjwa arudishwe nyumbani akapumzike. Mama aliniambia tu kwamba Susu ataondoka mwisho wa mwezi, lakini nilimwona akilia juu ya beseni la nguo, nikaelewa. Susu alikuwa anakufa, na alikuwa nje ya mlango. Niliogopa, jamani. Nilimpenda yule bibi kuliko mtu yeyote, nami nilikuwa na siku chache tu za kumwingiza.

"Susu, sema tu. Sema Yesu ni Mwokozi wangu."

"Huyo namheshimu. Sijawahi kumkosea."

"Si kumheshimu. Iwe ni yeye peke yake."

Aliutazama ua, pale uji ulipokuwa umekaukia. "Peke yake? Na hawa nimwachie nani? Mwanangu yule alikufa hajajua kusema hata *mama*. Naye yuko wapi?"

Nikamkasirikia. Nilimwona mkaidi, mzee asiyejihurumia. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo, ikapasuka, nikachapwa.

Jumapili iliyofuata, mhubiri alipowaita wanaotaka kuokoka, wahudumu walipita na kadi kama kawaida. Aliyeokoka aliandika jina na makazi, akatia alama, kisha kanisa likamtembelea nyumbani. Kadi moja ilianguka chini ya kiti. Nikaikanyaga, nikaiokota, nikaijaza kwa penseli: Kavata, ndilo jina la Susu, Kileleshwa, nyuma ya ghorofa zenye lango la kijani. Penye maneno *Nimeokoka leo* nikatia alama nzito hadi karatasi ikatoboka. Nilijua Mwalimu Agneta alisema nini kuhusu kukiri kwa niaba ya mtu. Lakini niliwaza, ikiwa Yesu alisimama mahali pa watu wote, mimi nashindwaje kusimama mahali pa mmoja? Nikaitumbukiza katika kikapu cha kadi. Wiki nzima nililala usingizi mtamu.

Jumamosi alasiri wakaja. Mwalimu Agneta mwenyewe, na mzee mmoja wa kanisa, wamebeba mkate na maziwa, kadi mkononi. Mama alikuwa anafua uani.

"Bwana asifiwe, dada! Tumekuja kumwona mama yetu Kavata. Si ameokoka Jumapili?"

Mama alinyooka, povu likimtiririka viwikoni. "Kavata gani?" Kisha akamgeukia Susu, aliyekuwa ndani kitandani. "Mama! Uliokoka? Na hukuniambia?"

Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini. Nilijua sasa nimekwisha: nimelidanganya kanisa, nimemdanganya Mungu, na Susu bado yuko nje. Susu aliitazama ile kadi, ambayo hakuweza kuisoma. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Akafunga kikopo chake cha ugoro.

"Ni mimi," alisema. "Huyu mtoto alinishika mkono."

Mama alilia kwa sauti, akamkumbatia na povu lake lote. Mwalimu Agneta akasema tuombe, amthibitishe. Akaomba sentensi moja moja, na Susu akafuatisha, kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika, hadi amina. Walipoondoka aliniita. "Sasa umetosheka?" Nikaitikia kwa kichwa. "Na wewe utakuwa huko?" Nikasema ndiyo, mimi nimeokoka. "Haya. Basi tutaonana." Akaomba maji ya kunywa.

Kesho yake asubuhi, Mama alipokuwa akitafuta kitambaa chake, Susu alijikokota hadi mlangoni, akainamisha kikombe, akamwaga. Majina yale yale.  Nikasikia viatu vya Mama nyuma yangu, na bila kufikiri nikachukua tambara, nikapiga magoti, nikaipangusa simiti ya uani. "Uji umenimwagikia," nikasema. Mama akapita. Hivyo ndivyo nilivyofanya kila asubuhi hadi siku Susu alipoondoka. Alikufa kabla ya mahindi kukomaa. Mazikoni mhubiri alitangaza kwamba marehemu alimpokea Bwana huko Nairobi, na Mama, aliyekuwa hajala siku tatu, aliinua uso kwa mara ya kwanza. Sasa ningesema nini?

Miaka zaidi ya thelathini nimefunga mdomo. Nina ofisi Hurlingham, si mbali na zile ngazi, na nyumba ya kupanga hapa Kileleshwa, ghorofa inayotazama esikyuu za watu wengine. Kanisani mimi ndiye ninayepeleka zile kadi. Kila Jumamosi nabisha milango na mkate na maziwa, nauliza, je, ni kweli umeokoka? Wengine hawakumbuki waliandika nini. Sijaacha kuamini kwamba Mwokozi ni mmoja, naamini hata sasa. Lakini nimechoka, haki ya Mungu nimechoka. Nawaombea wote, nafunga kwa ajili ya wote, simu haibanduki sikioni, na nikikaa kidogo namwona Susu yuko mlangoni ananisubiri nimalize kazi yangu.

Siku ile ya Adams Arcade nilifika nyumbani nikakuta Mama amekaa dirishani. Siku hizi anaishi nami, na miguu yake imeanza kuvimba kama ya mama yake. Nikaweka mboga, nikachukua mikate, nikavaa viatu vya kutoka tena, kwa kuwa nilikuwa na kadi nne za kutembelea. Sijui nini kilinishika. Nikiwa nimesimama na ile mikate nikamwambia yote: penseli, kadi, uji, tambara. Nikasubiri alie.

"Aiya, Mumbua," alisema. "Ngazi zile, na mguu ule? Susu angezipanda vipi?"

"Ulijua?"

"Siku ile nilifurahi kweli. Jioni nikimwosha mguu, akili ikanirudia." Akacheka kidogo. "Na uji unakumwagikia kila siku, pale pale? Ulidhani sina macho?"

"Mbona hukusema?"

"Nikuchape kwa kumpenda nyanyako? Na mimi je, siku ya mazishi ningeshika nini?" Akatazama nje, kamba za nguo za watu. "Nilimwachia mwenyewe. Nilimwambia, Bwana, huyu ni wako, mimi nimeshindwa, na mtoto naye ameshindwa."

Nilianza kusema kuhusu zile kadi nne, kwamba watu wananingoja, kwamba nisipokwenda mimi hakuna wa kwenda. Akanishika mkono, akachukua ile mikate, akaiweka mezani.

"Mwokozi ni mmoja, mwanangu," alisema. "Na si wewe."

Nikavua viatu, nikakaa.