Moshi wa Uani kwa Mama Beda

Jirani yangu hapa mtaa wa Majengo anaitwa Kunegunda, ila sote tunamwita Mama Beda. Kila alfajiri alifagia uwanja, akakusanya majani na mifuko ya plastiki, akawasha moto. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha: uwanja usiofuka moshi asubuhi una mwanamke mvivu. Nami niliwasha wangu.

Alikuwa akimlea mjukuu wake yatima, Rosemary, mwenye miaka sita na pumu. Kila kiangazi kifua cha mtoto kilibana, nasi tukamsikia akikohoa hadi kwetu.

"Ni hao wa vijijini wanaochoma mashamba," alisema Mama Beda. "Na malori ya makaa ya mawe. Wanatuletea moshi wao mjini."

Mwezi wa nane akampeleka mtoto kijijini Peramiho kwa mdogo wake, Pamela, awe karibu na hospitali.

"Si ndiko kwa hao wachoma mashamba?" nikamuuliza.

"Mama Jane, mdomo wako haulali."

Wiki tatu za huko mtoto hakukohoa. Alirudi Jumamosi. Jumatatu asubuhi tulimkimbiza zahanati kwa bajaji, midomo imebadilika rangi.

Tabibu alipomtuliza, akauliza, "Mama, asubuhi taka mnazipeleka wapi?"

"Nachoma," akajibu Mama Beda. "Ila nachomea nyuma, chini ya dirisha la mtoto, moshi usiwakere majirani."

 Kisha akageuka kumtazama Rosemary kitandani, akarudia, "Chini ya dirisha la mtoto."

Siku ileile alichimba shimo la taka. Nami nikaacha kuchoma. Lakini kesho yake tulipotoka nje, mtaa mzima ulikuwa unafuka, nyumba kwa nyumba, na moshi umelala juu ya mabati. Mama Beda akapita akiwaomba majirani waache kuchoma.

"Leo umekuwa bwana afya?" akamtania mzee Pankrasi, jirani yetu. "Miaka yote umetufukiza kama nyuki."

Walicheka, wakampa pole ya mgonjwa, wakaahidi. Asubuhi wakawasha.

Rosemary alibanwa tena na kifua mara mbili kabla ya mvua. Januari Mama Beda akamwandikisha darasa la kwanza hukohuko Peramiho, akae kwa Pamela moja kwa moja. Alirudi peke yake, akaja kukaa jikoni kwangu bila kuvua kitenge cha safari.

"Ameniuliza, 'Bibi, nimekosa nini?'" akasema. "Ningemwambiaje, Mama Jane, kwamba aliyekosa ni mimi?"