Mkate Mweusi wa Petra

Thora Ellingsen aliandika juu ya mikate mpaka wake wa wakulima wa Iowa, Marekani, wakawa wanamnukuu kama mchungaji wao. Alizaliwa humo humo mashambani, akaenda chuoni kusomea sayansi kimu, watu wakacheka kwamba binti Ellingsen amepelekwa shule kujifunza kupika. Leo ana ukurasa wake gazetini. Aliwafundisha kusawazisha kikombe cha unga kwa kisu, wanunue chachu ya dukani, na ile ya kizamani ya chunguni waitupe. Wengi walimshukuru. Mama yake, Gunhild, hakuwahi kumwambia hata neno la sifa, na kusema kweli Thora alilitaka neno la huyo tu.

Basi siku moja akasikia kwamba mama ameingiza mkate kwenye mashindano ya maonyesho ya wakulima, na mwamuzi ni yeye Thora. Mikate ilipangwa bila majina, kama ilivyo ada. Nitautambua, aliwaza, na sitaupendelea.

Akautambua mara moja. Mweusi, mzito, una kiungo cha kisibiti na ule uchachu wa jikoni kwao. Alipouonja machozi yalimlenga, akajikasirikia. Kwa sheria zake mwenyewe ulikuwa mkate mbovu, haukuumuka na umepasuka ubavuni. Akaupita. Utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza, akaupa mkate mmoja mweupe, laini, akaondoka pale akijiona kama amemkana mzazi wake.

Kadi za majina zikafunuliwa. Mkate mweupe: Gunhild Ellingsen. Thora akaisoma kadi, akairudia.

Mama akaja na kofia yake ya kanisani, utepe kifuani. "Kumbe gazeti lako lina maana, we mtoto! Nimefuata vilevile ulivyosema. Hata kisu nimepitisha!"

"Na ule mweusi, Mama?"

"Wa Petra, jirani. Si nilimpa chungu changu cha chachu? Uliandika tutupe, nikaona huruma. Bibi yako alivuka bahari na chachu hiyo akihamia huku. Sasa Petra naye kuoka hajui, masikini, kaupasua." Akacheka, kisha akamtazama mwanawe. "Vipi tena? Wangu hukuupenda?"

"Nimeupenda, Mama."

"Mbona unalia, sasa?"

Neno alilolingoja Thora miaka yote amepewa, tena mbele za watu, na hakujua afurahi au aombe radhi, wala amwombe nani. Akamfuata Petra, aliyekuwa anafungasha vitu vyake.

"Petra, nigawie ile chachu. Kidogo tu."

"Ya mama yako? Aa, Bi Thora, huo ndio mkate wa mwisho. Nami nimesoma ukurasa wako. Chungu chote nimewamwagia nguruwe."

Thora akaomba huo mkate uliokosa utepe. Akaula palepale amesimama, na mama yake akimtazama asielewe kitu.