Kipa wa majaribio anayejifunza kutazamwa

Saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye nyasi, na washambuliaji kumi na wanne wamejipanga ukingoni mwa eneo la hatari, kila mmoja na mpira wake. Wengine wanarukaruka kupasha misuli, wengine wanaomba dua kimya kimya. Leo jopo la makocha linaanza kupima nani anafaa kuitwa timu ya taifa na nani arudi klabuni kwake akajipange upya.

Langoni amesimama mwanamume wa miaka thelathini na sita, mwenye jezi ya kijivu isiyo na namba. Anakaza glovu kwa meno, anagonga nguzo ya kushoto, anagonga ya kulia, kisha anainua mkono kuonyesha kwamba yuko tayari kupigiwa.

Makocha hawakai mbele yake. Wamebeba viti vyao vya plastiki mpaka nyuma ya lango na kuviweka karibu na nyavu. "Ndivyo tunavyofanya siku zote," anaeleza mkuu wa jopo. "Miguu ya mshambuliaji inajua kudanganya, lakini ukikaa huku unamwona macho anapofika golini. Mwoga unamjua papo hapo."

Na kipa je? Mkuu wa jopo anashangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa habari za nyavu. "Nani, Geti? Huyo tunamjua. Huyo ni wetu."

Wanamjua kweli, ila wanamjua kwa mgongo.

Mwandishi wa makala haya naye, tuseme ukweli, alikwenda pale kuwaandika washambuliaji. Alipewa kiti nyuma ya lango pamoja na wakubwa, akatoa kalamu, akaanza kusifia mashuti. Asubuhi ilikuwa imeshakatika kabla hajajiuliza yule mwenye jezi ya kijivu ni nani.

Ni fundi wa kuchomelea. Anatengeneza mageti na grili za madirisha katika karakana ndogo ya mabati anayoshirikiana na mzee mmoja mcheshi, na jina la Geti alibandikwa na huyo huyo mbia wake. "Mchana anauza mageti, jioni yeye mwenyewe ni geti," anasema mzee huyo. "Ila mageti anayouza yanafunga vizuri zaidi."

Mwisho wa juma Geti hudakia klabu ya daraja la pili, ambako watazamaji siku nyingine hawazidi wachezaji. Huko ndiko alikookotwa miaka kumi na moja iliyopita. Makipa wa taifa walikuwa safarini, jopo lilitaka kupima washambuliaji, na mtu mmoja akasema yupo fundi mmoja anadaka si haba. Akaitwa kwa siku moja. Tangu hapo, kila majaribio yakija, anaitwa.

"Hii kazi ina ufundi wake," anasema huku akionyesha vidole vyenye alama za cheche. "Ukidaka kila kitu, wakubwa wanaona washambuliaji wote ni magarasa. Ukiwaachia, wanaona wote ni moto wa kuotea mbali. Inabidi udake kwa haki. Mwenye kufunga afunge kwa jasho lake."

Saba kati ya waliompigia mashuti pale kwa miaka hiyo wamevaa jezi ya taifa. Mmoja wao, ambaye sasa anacheza nje, alipopigiwa simu alicheka kwa furaha. "Kabla sijamfunga kipa wa nchi yoyote nilimfunga Geti, na nilitoka jasho! Nilipomaliza akaniambia, 'Wewe dogo unakwenda.' Kweli nikaenda." Alipoulizwa kama akikutana na Geti barabarani atamtambua, kicheko kikapungua. "Glovu zake nazikumbuka," akasema.

Geti hakasiriki akisimuliwa hayo. "Kinyozi hajinyoi," anasema.

Lakini hamu anayo, tena imemkaa kifuani kama kikohozi kisichopona. Haombi makubwa. Hataji kombe wala gari.

"Mechi moja tu. Hata nisiguse mpira, niwe kipa wa tatu," anasema. "Nipange mstari na wenzangu, wimbo wa taifa upigwe, mikono iwe chini, na mama aambiwe kwamba yule pale ndiye."

Mkewe, fundi cherehani anayeshona sare za shule, anasema hamu hiyo inaonekana nyumbani. Wimbo wa taifa ukipigwa kwenye televisheni kabla ya mechi, mumewe huweka sahani chini na kusimama wima katikati ya sebule. "Watoto wakianza kucheka nawakanya kwa jicho," anasema. "Mimi mwenyewe mwanzoni nilicheka. Sasa siwezi. Namwangalia naona anachotaka, na mimi sina cha kumpa."

Majaribio yenyewe hayana tija. Posho ya siku nzima haifikii bei ya bawaba za geti moja, na wiki ya majaribio mbia wake hubaki karakana peke yake akiwatuliza wateja. Kodi ya nyumba ya mwezi huo hutoka kwenye cherehani. "Yakikaribia, huyu bwana hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini," anasema mkewe.

Kisha yuko mama yake, anayeishi nao na ambaye macho yake yameingia ukungu. Mama huyu ana redio ndogo ambayo haiguswi na mtu siku ya kutangazwa kikosi.

Bahati mbaya ya makipa ni kwamba wao husomwa mwanzo. Mtangazaji akishasema, "Makipa ni hawa wafuatao," yanafuata majina matatu, basi, mama ameshajua. Hata hivyo hazimi redio. Anasikiliza mabeki, viungo, washambuliaji, mpaka jina la daktari wa timu.

"Huenda wakawa wamemsahau, wakamkumbuka mwisho," anasema. Anapoambiwa kwamba kikosi hakisomwi hivyo, anajibu kwa upole, "Najua, mwanangu. Lakini nikizima mapema nitakuwa nimemkata mimi."

Kuna jambo jingine analolitaka kwenye redio ile. "Mtaa mzima wanamwita Geti. Mpaka mkewe. Redio haiwezi kusema Geti. Redio itasoma jina nililompa mimi, pamoja na la marehemu baba yake. Nataka nilisikie likisomwa mbele za watu."

Mbia wa karakana, aliyekuwepo wakati wa mazungumzo hayo, alimwambia mama kwamba subira yavuta heri. Mama akamwuliza hiyo heri ni nzito kiasi gani, maana subira imevuta miaka kumi na moja na kamba inaanza kukatika.

Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Kipa wa tatu wa taifa alikuwa amevunjika kidole, na nafasi yake ilikuwa wazi. Vijana sita waliletwa kupimwa katika lango la upande wa pili wa uwanja, chini ya kocha mpya wa makipa, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ya pili, kocha huyo alisimama na vijana wake akawa anaangalia lango la mbali, ambako mtu mwenye jezi ya kijivu alikuwa anapangua shuti la juu kwa vidole viwili.

"Yule anadakia wapi?" akauliza.

"Yule? Anadakia hapa hapa," akajibiwa.

Siku ya tatu kocha wa makipa alikuja nyuma ya lango la Geti, akakamata kiti cha plastiki kwa mgongo wake, akazunguka nguzo nacho. Alikiweka mbele, pembeni kidogo mwa njia ya mashuti, akaketi, akakunja mikono na kumtazama Geti usoni.

"Nilihisi kama nimevuliwa nguo," Geti anakumbuka. "Ghafla sikujua mikono yangu naiweka wapi. Miaka yote hii nilikuwa naiweka wapi? Nikaangalia chini."

Shuti la kwanza lilimpita katikati ya miguu. La pili aliliruka kabla halijapigwa, akaanguka kulia wakati mpira unakwenda kushoto. La tatu lilikuwa mpira wa kumpa mtoto, ukaviringika mpaka kwenye glovu zake, ukaponyoka, ukavuka mstari taratibu huku yeye akiufuata kwa magoti. Washambuliaji walicheka wakidhani anawatania.

Kocha alibaki amekunja mikono. Mchana Geti alimfuata alikokuwa anakunywa maji.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba."

"Nina ombi. Kesho naomba ukae kule nyuma na wenzako. Ukiwa nyuma, mimi nadaka."

Kocha alifunga chupa yake ya maji. Waliokuwa karibu wanasema hakumcheka. "Na uwanja ukijaa watu," akamwuliza, "nao wote tuwaombe wakae nyuma yako?"

Kesho yake kiti kilikuwa mbele vilevile. Geti alijikaza kisabuni. Alidaka mipira kadhaa, mmoja wao wa kupigiwa makofi, lakini kila baada ya kudaka jicho lilikwenda kwenye kiti kutafuta kama ameonwa, na shuti lililofuata likamkuta hayupo.

Ijumaa mchana kikosi kikatangazwa. Nyumbani mama aliketi na redio mapajani. Karakana, mbia alifungulia redio ya simu na kuilaza juu ya bomba la chuma. Makipa ni hawa wafuatao. Jina la tatu lilikuwa la mmoja wa wale vijana sita, mwenye miaka ishirini.

"Alikuwa na geti la mteja mkononi," anasimulia mbia. "Akashusha kofia lake la kuchomelea, lile lenye kioo cheusi, akaendelea kuchomelea. Nami sikumsemesha. Ila umeme ulikatika, cheche zikazimika, na yeye akabaki vilevile na kofia usoni. Nikatoka nje nikajifanya natafuta misumari."

Nyumbani mama alisikiliza mpaka jina la daktari.

Jumapili yake kocha wa makipa alipiga simu. Mke wa Geti aliyasikia maneno yote kwa sababu simu yao ina sauti kubwa isiyopungua. Kocha hakumpamba. Alimwambia kwamba alidaka vibaya na kwamba yule kijana alistahili. Kisha akamwambia kitu ambacho Geti hakuwahi kukijua: katika makaratasi ya majaribio, miaka yote hiyo, jina lake lilikuwa upande wa vifaa, baada ya mipira na koni.

"Nimekutoa kule," kocha akasema. "Majaribio yajayo ni baada ya miezi minne. Njoo kama kipa, upimwe kama kipa. Nami nitakaa mbele."

Geti alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti. Mkewe anasema alidhani amerudia huzuni ya Ijumaa. Alipomfuata alimkuta anapima kwa macho upana wa ua wa karakana, ambao uko mkabala na nyumba yao.

Ndiyo maana Jumapili hii, saa kumi na moja jioni, ua ule una goli. Amelichomelea mwenyewe kwa mabomba yaliyobaki kwenye mageti ya wateja, akalipaka rangi ya kuzuia kutu, nyavu akashonewa na mkewe. Na mbele ya goli, si nyuma, vimepangwa viti: vya plastiki, stuli za jikoni, benchi la kinyozi wa jirani. Kila Jumapili Geti hupita mlango kwa mlango akiomba watu waje kumtazama.

"Mwanzo tulidhani anauza kitu," anasema kinyozi.

Wanaokuja wamepewa sharti moja tu: wamwangalie usoni bila kupiga kelele wala kuzungumza. Mwandishi naye anaelekezwa kiti chake, na safari hii kiko mbele. Mtu unakaa pale unaona aibu, maana si rahisi kumtazama mtu mzima kwa makusudi. Geti ana kovu dogo juu ya nyusi na macho mekundu ya mtu wa moto. Uso wake ni wa kawaida kabisa, na ni mara ya kwanza mwandishi kuuona vizuri.

Mbia ndiye mpigaji, kwa kiatu chake cha kazini. Mpira wa kwanza unaingia. Wa pili unaingia. "Mimi na umri huu nimefunga mawili," anasema mzee, "na redio haikunitaja!" Sharti linavunjika, watu wanacheka, na Geti anaangalia chini.

Mama anatoka nyumbani akiongozwa na mkwewe. Anakataa stuli ya pembeni. Anataka kiti kiwe katikati.

"Mama, mpira utakupiga," Geti anamwambia.

"Nikae pembeni nimtazame nani?"

"Kwani unaniona?"

"Nakuona kama kivuli. Lakini nakutazama. Piga mpira, wewe mzee."

Mbia anapiga, kwa pembeni, kwa adabu ya mwenye hofu ya kumpiga mama wa watu. Lakini mpira unashika kona, unapanda. Geti anaruka. Unasikika mlio wa ngozi ndani ya glovu, kisha kishindo cha mwili kwenye vumbi.

"Kadaka?" mama anauliza.

"Kadaka, mama," anajibu mkwewe.

"Basi asimame."

Geti anasimama, anajikung'uta, anauweka mpira chini. Mama anajiweka sawa kitini, anakohoa kidogo, kisha kwa sauti nzito ya kuigiza, ile ya Ijumaa za kikosi, anatangaza: "Makipa ni hawa wafuatao." Na anasoma jina moja tu, refu, lote, pamoja na la marehemu baba yake. Majirani wengine ndiyo kwanza wanalisikia.

Ua mzima unaangua kicheko na makofi. Geti peke yake hacheki. Amesimama wima mbele ya goli lake la mabaki, mikono imetulia chini, ubavuni, akiwatazama wote waliokaa.